Chaneli, mlango au mfereji? Somo kutoka zizi la Sotik

MATUKIO mawili ya mwaka wa 1905 hunijia akilini kila nipitapo karibu na kiwanda cha maziwa cha New KCC mjini Sotik.

Mwaka huo, serikali ya kikoloni ilituma askari Sotik kuwaadhibu Wakipsigis waliovamia Wamaasai na kukataa kurudisha ng'ombe. Mifugo ikaswagwa. Mwaka uo huo, jijini London, mwanafiziolojia Ernest Starling alianza kutumia hadharani neno tunaloliita leo homoni. Asili yake ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea.

Je, ng'ombe na homoni wapi na wapi? Marehemu mama yangu angekujibu bila kufungua kitabu. Nikiwa kijana, ng'ombe wetu alinikanyaga nikamtandika fimbo. Jioni akazuia maziwa. Nilikama mpaka vidole vikafa ganzi. Mama akaniambia, "Mwanangu, maziwa hayako mkononi mwako. Yako kichwani mwake. Mletee ndama." Nilicheka kimoyomoyo. Kumbe mjinga ni mimi!

Historia ya sayansi ilikuwa upande wake. Mnamo 1906 Henry Dale alionyesha kwamba dondoo la tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hukaza nyumba ya uzazi. Mwaka wa 1910, Ott na Scott wakaona dondoo hilo likishusha maziwa ya mbuzi. Mnamo 1941 Ely na Petersen waliwatisha ng'ombe kwa kupasua mifuko ya karatasi, na maziwa yakakataa kushuka. Homoni yenyewe, oksitosini, ilitengenezwa maabarani na Vincent du Vigneaud mwaka wa 1953. Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa ng'ombe akihamishiwa mahali pageni, ubongo wenyewe huweza kukataa kuiachilia. Hebu wafikirie wale walioswagwa kutoka Sotik!

Ubongo huiachiliaje? Mnamo 1973 Wakerley na Lincoln walipima seli za neva katika ubongo wa panya anayenyonyesha. Kwa kawaida seli za oksitosini hutoa mipigo michache ya umeme kwa sekunde. Mara, zote kwa pamoja hufyatua mipigo mingi mfululizo, na baada ya sekunde kumi na kitu, maziwa hushuka.

Breki ya mipigo hiyo ni potasiamu. Hodgkin na Huxley, waliochunguza neva nene ya ngisi, walieleza mwaka wa 1952 kwamba sodiamu huingia ndani ya neva mpigo unapoanza, kisha potasiamu hutoka na kuituliza. Baadhi ya njia za potasiamu hubaki wazi kwa muda baada ya mpigo, na hivyo kuuchelewesha unaofuata. Breki ikikaza, mipigo huachana. Ikilegea, hufuatana upesi.

Sasa basi, njia hizo tuziiteje kwa Kiswahili? Ukisema 'chaneli', Mkenya atatafuta rimoti ya televisheni. 'Mlango' nao hupitisha yeyote, ilhali Roderick MacKinnon alionyesha mwaka wa 1998 jinsi njia hizi zilivyoumbwa kupitisha potasiamu na kuizuia sodiamu, ingawa sodiamu ni ndogo zaidi!

Mimi napendekeza 'mfereji wa potasiamu'. Kwa maana ya kamusi, mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa. Kwa matumizi yetu Kenya, ni bomba unalofungua na kufunga. Maana zote mbili zinatufaa: hii ni njia, tena hufunguka na kufungika. Najua wapo watakaosema mfereji hauchagui kinachopita. Ni kweli, ndiyo maana jina la potasiamu lisiachwe nyuma.

Msomaji asidhani huu ni ubishi wa wataalamu tu. Mkulima anayempiga ng'ombe wakati wa kukama humwaga pesa zake mwenyewe, na hatajua kwa nini mradi maelezo yamefungiwa katika Kiingereza. Mama alilijua jambo bila kuwa na istilahi. Mimi mwanawe nilifika chuoni, nikapewa istilahi kwa lugha ambayo nisingeweza kumsimulia. Kati yetu palikosekana maneno machache tu, na kuyatafuta maneno hayo ndiyo kazi yetu sisi wapenzi wa lugha.