Mafuta ya maziwa

Mafuta ya maziwa ni shahamu iliyomo ndani ya maziwa ya binadamu na ya mamalia wengine. Ndiyo yanayotoa malai, siagi na samli. Ni sehemu ya maziwa yenye nishati nyingi kuliko zote: gramu moja ya mafuta huupa mwili takriban kilokalori 9, ilhali gramu moja ya protini au ya sukari hutoa takriban 4.

Muundo

Ndani ya maziwa, mafuta yako katika vitone vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Kila kitone kimefunikwa na utando mwembamba unaovizuia visiungane. Kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, maziwa yakitulia vitone hupanda juu na kufanya tabaka la malai. Maziwa yakisukwasukwa kwenye kibuyu au mashine, utando hupasuka, vitone hushikana, na siagi hujitenga na mtindi.

Karibu asilimia 98 ya mafuta hayo ni trigliseridi, yaani gliseroli iliyoungana na asidi tatu za mafuta. Takriban theluthi mbili ya asidi hizo ni zile zilizoshiba, na ndiyo sababu siagi huganda mahali penye baridi. Mojawapo ni asidi ya butiriki, ambayo hutoa harufu kali siagi inapochacha.

Rangi ya manjano hutokana na karotini iliyomo katika majani mabichi anayokula ng'ombe. Nyati wa maji na mbuzi huigeuza karibu karotini yote kuwa vitamini A, kwa hiyo siagi yao ni nyeupe. Weupe huo hauonyeshi upungufu wa vitamini.

Vyanzo katika chakula

Kiasi cha mafuta hutegemea aina ya mnyama, malisho na muda uliopita tangu azae. Makadirio ya kawaida ni haya:

- Maziwa ya ng'ombe: asilimia 3 hadi 5. Ng'ombe wa Jersey hutoa maziwa yenye mafuta mengi kuliko Friesian.
- Maziwa ya kondoo: asilimia 6 hadi 7.
- Maziwa ya nyati wa maji: asilimia 7 hadi 8.
- Maziwa ya mama: asilimia 3 hadi 5.
- Maziwa yaliyoondolewa mafuta: chini ya asilimia 0.5.
- Siagi: karibu asilimia 80; sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji.
- Samli: zaidi ya asilimia 99.

Samli, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiarabu samn, hupatikana kwa kuchemsha siagi mpaka maji yaishe, kisha kuchuja masimbi. Kwa kuwa haina maji, haiharibiki upesi kama siagi, hivyo imewafaa wafugaji tangu zamani kuhifadhi mafuta bila jokofu. Katika pwani ya Afrika Mashariki hutumika kupikia pilau na biriani. Katika eneo la Ankole nchini Uganda hutengenezwa mchuzi mweupe wa samli uitwao eshabwe.

Bidhaa zinazouzwa kwa jina la "samli ya mboga" si mafuta ya maziwa. Hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, na zile zilizogandishwa kwa kuongezewa hidrojeni kwa sehemu tu huwa na mafuta aina ya transi, ambayo hudhuru moyo. Msomaji anashauriwa kusoma lebo.

Historia ya uchunguzi

Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitangaza njia rahisi ya kupima mafuta katika maziwa. Tangu hapo mfugaji aliweza kulipwa kulingana na ubora, na aliyetia maji au kuengua malai aligundulika.

Mwaka 1913, katika chuo hichohicho, Elmer McCollum na Marguerite Davis waliona kwamba panya waliolishwa mafuta ya nguruwe au ya zeituni waliacha kukua, lakini walipopewa mafuta ya siagi walikua tena. Kitu kilichowasaidia baadaye kiliitwa vitamini A.

Faida kwa afya

Mafuta ya maziwa yana vitamini A, pamoja na kiasi kidogo cha vitamini D, E na K. Upungufu wa vitamini A husababisha kutoona vizuri gizani, na ukizidi huleta upofu, hasa kwa watoto. Mafuta pia huusaidia mwili kufyonza karotini iliyomo katika mchicha, karoti na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Kwa sababu hiyo mboga za majani zilizoungwa kwa mafuta kidogo hufaa zaidi kuliko zilizochemshwa kwa maji matupu.

Kwa mtoto mchanga, karibu nusu ya nishati ya maziwa ya mama hutoka katika mafuta. Maziwa ya mwisho wa kunyonya huwa na mafuta mengi kuliko ya mwanzo. Hivyo ni vema mtoto amalize titi moja kabla ya kuhamishiwa la pili. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili anayepewa maziwa ya ng'ombe kwa kawaida hupewa yasiyoondolewa mafuta, kwa kuwa anahitaji nishati hiyo ili akue.

Tahadhari

Asidi za mafuta zilizoshiba huongeza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 hiyo ni takriban gramu 22. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina karibu gramu 8 au 9. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo au lehemu nyingi apate ushauri wa daktari.

Maziwa mabichi na malai yake yaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu na bruselosi. Yachemshwe kwanza, kuchemsha hakuondoi mafuta.

Katika baadhi ya jamii mtoto mchanga hulambishwa siagi au samli kabla ya kunyonya. Desturi hiyo ni ya hatari, kwani mtoto anatakiwa kupata maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Vilevile samli isipakwe kwenye kitovu kibichi: huko Pakistan desturi hiyo imehusishwa na pepopunda ya watoto wachanga.

Tazama pia

- Maziwa
- Siagi
- Jibini
- Vitamini