Homa ya Bahari Yetu



Najua wengi wenu mwatazamia kusoma hapa habari za majahazi na za wazee wetu. Niwieni radhi, safari hii nitasimulia historia ya homa ya watu wengine, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi.

Kwa vizazi vingi, katika familia za Waarmenia, Waturuki, Waarabu na Wayahudi, walikuwako watoto walioshikwa ghafla na homa kali pamoja na maumivu ya tumbo, kifua au viungo. Baada ya siku moja hadi tatu maradhi yaliondoka yenyewe, kisha yakarudi. Wengine walipasuliwa wakidhaniwa wana kidole tumbo, kumbe sivyo. Hatari kubwa zaidi ilikuwa imejificha: uvimbe wa ndani unaojirudia huzalisha protini ambayo hujikusanya katika mafigo hata yakashindwa kazi yake.

Mwaka 1945 Sheppard Siegal, daktari wa New York, aliyaeleza maradhi haya kwa ufasaha. Mwaka 1958 Heller na wenzake katika Israeli waliyapa jina la homa ya kifamilia ya Mediterania, na mwaka 1967 Sohar na wenzake wakachapisha uchunguzi wa wagonjwa 470. Kwa kuchora nasaba za jamaa hao, ilidhihirika kwamba ugonjwa hurithiwa kutoka pande zote mbili: baba na mama, wazima kabisa, kila mmoja amebeba kasoro moja. Wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Ndiyo sababu ndoa za binamu huongeza hatari.

Mwaka 1972 Goldfinger, huko Boston, na Özkan, huko Uturuki, kila mmoja kwa upande wake, walieleza faida ya kolchisini, dawa ya kale ya jongo itokanayo na mmea. Ikimezwa kila siku huzuia homa na kuyalinda mafigo. Mwaka 1997 makundi mawili ya wataalamu yaligundua jeni yenyewe katika kromosomu ya 16. Kundi moja liliiita protini yake pirini, kwa neno la Kiyunani la moto. Wafaransa wakaiita marenostrini, yaani “bahari yetu”, kama Warumi walivyoiita Mediterania.

Katika Uturuki wagonjwa hukadiriwa kuwa karibu mmoja kati ya kila watu 1,000. Mwaka 2005 madaktari wa huko walitoa taarifa ya wagonjwa 2,838: tangu homa ya kwanza hadi ugonjwa kutambuliwa, ilipita wastani wa miaka karibu saba. Uchunguzi wa mwaka 2007, uliokusanya wagonjwa 2,482 kutoka nchi 14, ulionyesha kwamba nchi anamotibiwa mgonjwa iliamua hatima ya mafigo yake kuliko hata aina ya kasoro aliyoirithi. Damu ni moja, lakini makazi hubadili majaliwa.

Kwa nini kasoro hiyo ilienea hivyo? Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani na Uturuki walionyesha kwamba panya wenye kasoro hiyo waliistahimili tauni kuliko wenzao. Yaelekea kilichowatesa wajukuu kiliwahi kuwaokoa mababu. Sisi watu wa pwani twaijua hadithi hiyo kwa selimundu: mwenye kubeba kasoro moja hukingika na malaria kali, mwenye kurithi mbili huugua maisha yake yote.

Nilipokuwa mtumishi wa Serikali nilishika majalada kwa miaka mingi, nikajifunza kwamba lisiloandikwa huhesabiwa halikutokea. Katika nasaba yetu, bibi mmoja alizika watoto watatu. Ukiuliza sababu, waambiwa: “Homa tu.” Huenda ilikuwa malaria, huenda ilikuwa selimundu, hatuna pa kutazama. Tulinyamaza kwa kusitiriana, na kuchelea binti zetu wasiposwe. Lakini mficha uchi hazai.

Basi, ndugu zangu, tulioko Muscat, London, Toronto na kwetu: katika daftari la nasaba tuongeze safu moja ya maradhi. Vijana wanaotaka kuoana wapimwe kabla ya posa, si baada ya msiba. Sitara ni njema. Uhai wa mtoto ni mwema zaidi.

Wenu katika ukoo,
Mzee wenu