Saba katika Elfu Moja

Neno "kurutubisha" linapotosha kidogo. Kwa mkulima wa pamba wa Bunda, kurutubisha ni kuongeza: samadi inaingia shambani, udongo unapata nguvu. Urani inaporutubishwa haiongezwi kitu. Inapunguzwa.

Tuhesabu. Chukua atomu elfu moja za urani jinsi ilivyotoka ardhini. Takriban 993 ni urani-238, na saba tu ni urani-235, ile ambayo kiini chake hupasuka kirahisi na kupasua vya jirani. Ondoa 825 kati ya zile nyingi: saba zako sasa zimo katika 175, yaani asilimia 4, na hayo ni mafuta ya kinu cha umeme. Ondoa tena 167, zibaki nane kwa jumla: umekaribia asilimia 90, na hilo ni bomu. Safari ndefu ni ile ya kwanza, ndiyo maana dunia hugombana hata juu ya mitambo inayodaiwa kuwa ya umeme tu.

Mchimbaji wa Buhemba, wilayani Butiama, huosha mchanga ukaondoka, dhahabu ikabaki. Hapa unaitenga urani na urani. Kemia haifui dafu kirahisi, maana tofauti ni nyutroni tatu tu za uzito.

Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa na mawe ambayo mengine yalifika asilimia 65 ya oksidi ya urani, utajiri usio na mfano. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 zilisafirishwa hadi New York. Hata hivyo, ndani ya utajiri huo bado zilikuwa saba katika elfu. Kupunguza kulifanyika Oak Ridge, Tennessee, na Agosti 6, 1945 kilo 64 hivi zikaangushwa Hiroshima. Waliochimba walikuwa Wakongo. Historia nyingi za bomu huwapa sentensi moja, wakibahatika.

Mei 1984 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliungana na viongozi wa Argentina, Mexico, Sweden, Ugiriki na India kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yasitishe kuzijaribu na kuzitengeneza. Wengine wanaisoma hatua hiyo kama maadili matupu. Mimi naona pia ramani: wakati huohuo makaburu wa Afrika Kusini walikuwa wakirutubisha urani yao karibu na Pretoria. Mwaka 1993 de Klerk alikiri kwamba walitengeneza mabomu sita.

Leo sisi tuna Mto Mkuju, Namtumbo. Kitakachotoka pale ni unga wa oksidi, maarufu kama keki ya njano, na humo bado ni saba katika elfu. Anayehofia bomu Namtumbo anahofia kisichokuwepo. Vumbi, maji ya mto, na mpaka wa Selous uliosogezwa mwaka 2012 kuupisha mgodi: hayo yapo.