Mtu wa Rika Langu

Marehemu Profesa Benno Ndulu alizaliwa mwaka 1950, mwaka niliozaliwa mimi. Yeye alisoma uchumi hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Mimi niliishia chuo cha ualimu, nikarudi kufundisha huku Usangu. Hatukuwahi kuonana. Hata hivyo, kazi yake iliifikia nyumba yangu.

Mwaka 1980 nilianza kuweka akiba benki ili ninunue mabati ya nyumba yangu hapa Ubaruku. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Bidhaa zilikuwa adimu, na Serikali, ambayo matumizi yake yalizidi mapato, iliziba pengo kwa kukopa Benki Kuu. Fedha zikawa nyingi, vitu vikawa vichache. Shilingi iliposhushwa thamani mwaka 1986, akiba yangu ya miaka sita haikutosha kuezeka hata chumba kimoja. Hakuna mwizi aliyeingia. Katika kitabu cha benki tarakimu zilikuwa zilezile.

Miaka hiyo Ndulu alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuyachunguza mambo hayo hayo. Baadaye aliongoza taasisi ya utafiti wa uchumi wa Afrika iliyoko Nairobi, akafanya kazi Benki ya Dunia, na Januari 2008 akawa Gavana wa Benki Kuu.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 2011. Umeme ulikuwa wa mgawo, chakula na mafuta vikapanda bei, na Desemba mfumuko wa bei ulifika asilimia 19.8. Benki Kuu ilipandisha riba na kuyabana mabenki yasikopeshe ovyo. Dawa hiyo ni chungu, kwani hata mkulima wa mpunga hupata mkopo kwa shida. Lakini bei za chakula nazo zilipopoa, mwaka 2013 mfumuko ulishuka chini ya asilimia 10.

Wakati huo nilikuwa nimestaafu, na kiinua mgongo changu kilikuwa benki. Safari hii mabati niliyopanga kununua niliyanunua yote.

Ndulu alimaliza ugavana mwaka 2018, akafariki Februari 2021. Alinzi wa thamani ya fedha hasifiwi sana, maana akifaulu hakuna kinachoonekana. Mimi namkumbuka kila mvua inaponyesha juu ya paa langu.