Waraka wa kurasa 58 na filamu iliyosubiri miaka 40

Mikono inategesha saa ya bomu. Mwenye mikono hiyo anakimbia gizani, anaficha mzigo wake ndani ya buti la gari na kutoweka. Tajiri mmoja na kimwana wake wanapanda gari hilo na kuondoka bila habari. Kamera inapaa juu ya mapaa, inashuka barabarani, inawakuta bwana na bibi waliooana karibuni wakitembea kwa miguu, inawafuata hadi kizuizi cha mpakani. Zaidi ya dakika tatu zinapita na picha haijakatwa hata mara moja.

Ndivyo inavyoanza Touch of Evil ya Orson Welles, filamu ya uhalifu ya mwaka 1958, ya rangi nyeusi na nyeupe. Mji wake unasemekana kuwa mpakani mwa Meksiko na Marekani, lakini ulipigwa picha Venice, California. Charlton Heston ni Vargas, ofisa wa Meksiko. Kumpaka Mmarekani rangi ili afanane na Mmeksiko kunakera, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Welles mwenyewe ni Quinlan, kapteni wa polisi mwenye sifa ya kutokosea mshukiwa, kumbe sifa hiyo ameijenga kwa kubambikia watu kesi.

Baada ya upigaji picha wa 1957, studio ya Universal iliichukua filamu mikononi mwa Welles, ikaihariri ilivyotaka na kumpa mwongozaji mwingine, Harry Keller, kazi ya kuongeza vipande. Welles alionyeshwa matokeo mara moja tu. Mwezi Desemba akaandika waraka wa kurasa 58, akieleza kwa utulivu na adabu kila alichoomba kibadilishwe: hapa sauti, pale mpangilio wa matukio. Machache yalisikilizwa. Filamu ilitoka ikiwa na dakika kama 95, ikaonyeshwa kama nyongeza ya filamu nyingine.

Miaka ya sabini likapatikana toleo refu zaidi, la dakika 108, nalo likasambaa kwenye kanda za video. Welles alifariki 1985. Mwaka 1998 mtayarishaji Rick Schmidlin na mhariri Walter Murch waliufuata waraka na kuiunda filamu upya. DVD ya mwaka 2000 ilikuja na waraka wenyewe, na mwaka 2011 Blu-ray ya Uingereza ikayakusanya matoleo yote matatu pamoja.

Thamani ya kuitazama filamu hii nyumbani iko hapo hasa. Weka ufunguzi wa 1958: majina ya waigizaji yamebandikwa juu ya picha na muziki wa Henry Mancini unatawala. Weka wa 1998: majina yameondoka, na kila baa inayopitwa inatoa muziki wake. Redio ya lile gari inasikika ikikaribia, inafifia, inarudi tena, na mtazamaji anajua bomu liko umbali gani hata gari lisipoonekana. Kwangu mimi toleo la pili linashinda, ingawa muziki wa Mancini ni mtamu.

Badiliko jingine ni dogo mno. Murch aliondoa picha moja ya karibu ya uso wa Menzies, msaidizi wa Quinlan, pale Vargas anapomwonyesha ushahidi dhidi ya bosi wake. Uso ule ulimfanya aonekane ameshavunjika moyo. Bila huo, tunamwona mtu anayeendelea kumtetea rafiki, na usaliti wake wa baadaye unauma zaidi.

Na rimoti ina kazi yake. Katika nyumba ya mshukiwa Sanchez, Vargas anaingia bafuni na kuangusha boksi la viatu. Halina kitu. Baadaye Menzies anatoka na boksi lilelile, ndani mna baruti. Rudisha nyuma uhakikishe. Watu wa 1958 ukumbini walilazimika kuyaamini macho yao, kama Vargas.

Anayeitazama kwa mara ya kwanza aanze na toleo la 1998, azime taa ili vivuli vya mpiga picha Russell Metty visimezwe na mwanga wa sebuleni. La 1958 alifuatishe siku nyingine, waraka ukiwa mkononi.