Chanjo iliyofungashwa Gqeberha ikapelekwa Ulaya

Machi hii imetimia miaka mitano tangu Kenya ilipopokea dozi milioni 1.02 za chanjo ya AstraZeneca, shehena yake ya kwanza kutoka mpango wa COVAX. Ndege ilitua Nairobi mwanzoni mwa Machi 2021. Mwishoni mwa mwezi huohuo Umoja wa Afrika ukasaini mkataba wake mkubwa wa kununua chanjo ya korona. Kumbukumbu hizi zinatukuta mataifa yakiwa bado yanavutana Geneva kuhusu nani ahudumiwe kwanza janga jingine likizuka.

Mvutano huo si wa jana. Mwaka 2007 Indonesia, ikiongozwa katika hilo na Waziri wa Afya Siti Fadilah Supari, iligoma kutoa sampuli za mafua ya ndege, ikilalamika kwamba zinatumika kutengeneza chanjo ambazo Waindonesia wenyewe hawataweza kuzinunua. Miaka miwili baadaye ikaja H1N1, na nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuingia mikataba na viwanda. Nchi maskini zikangoja misaada.

Korona ilipoingia, mchezo ulikuwa uleule kwa fedha nyingi zaidi. Julai 2020 Marekani iliagiza dozi milioni 100 za Pfizer kwa dola bilioni 1.95, miezi kadhaa kabla chanjo haijaidhinishwa. Katika mikataba ya namna hii serikali mara nyingi hutanguliza sehemu ya malipo, hukubali hasara endapo chanjo itashindwa, na humkinga mtengenezaji dhidi ya madai ya fidia. Kwa hayo hupewa nafasi ya mbele kwenye foleni. Asiye na fedha za kutanguliza husimama nyuma.

COVAX iliundwa kuwabeba hao wa nyuma, ikilenga dozi bilioni mbili kufikia mwisho wa 2021. Lakini ilitegemea mno kiwanda kimoja, Serum Institute cha Pune, na maambukizi yalipopanda India Machi 2021, chanjo za kuuzwa nje zikasimama. Tanzania, iliyokuwa imejitenga na chanjo, ilipokea dozi zake za kwanza Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Julai 28.

Afrika haikukaa mikono kifuani. Novemba 2020 Rais Cyril Ramaphosa, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, aliunda kikosi kazi cha kutafuta chanjo na kumkabidhi Strive Masiyiwa, mfanyabiashara wa simu kutoka Zimbabwe, jukumu la kujadiliana na kampuni. Benki ya Afreximbank iliweka dhamana ya dola bilioni 2. Kwa mkataba wa Machi 2021, Johnson & Johnson iliahidi dozi milioni 220, pamoja na nafasi ya kuongeza milioni 180. Chanjo hiyo ilikuwa ya dozi moja tu, haikuhitaji majokofu ya baridi kali, na ingejazwa kwenye vichupa katika kiwanda cha Aspen, Gqeberha, Afrika Kusini. Wengi waliamini kwamba kiwanda kikiwa barani, chanjo nayo itabaki barani.

Haikuwa hivyo. Aspen ilifanya kazi ya kujaza na kufungasha kwa niaba ya Johnson & Johnson, na aliyeamua shehena iende wapi ni mwenye chanjo. Agosti 2021 gazeti la New York Times lilifichua kwamba mamilioni ya dozi za Gqeberha zilikuwa zikisafirishwa kwenda Ulaya, ambako watu wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa, wakati Afrika Kusini yenyewe ilikuwa haijapokea sehemu kubwa ya dozi ilizoagiza. Ndani ya mkataba wake, serikali ilikuwa imekubali kutozuia chanjo hizo kuondoka nchini. Msemaji wa wizara ya afya alieleza kwamba hawakuwa na hiari: wasaini au wakose chanjo.

Kelele zilikuwa kubwa. Gordon Brown, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, aliishutumu Ulaya hadharani. Mapema Septemba Masiyiwa alitangaza kwamba Ulaya imekubali: dozi za Aspen hazitapelekwa tena huko, na zilizokwisha kwenda zitarudishwa. Huo ulikuwa ushindi wa kweli, na kwa maoni yangu hautajwi vya kutosha. Lakini ulitokana na aibu ya wazi mbele ya dunia. Kwenye karatasi Afrika Kusini haikuwa na haki ya kuzuia hata kichupa kimoja kuondoka.

Mikataba yenyewe ya Afrika Kusini iliwekwa hadharani mwaka 2023 tu, baada ya shirika la Health Justice Initiative kuishinda serikali katika Mahakama Kuu ya Pretoria. Mikataba ilionyesha Afrika Kusini ilikubali kulipa Johnson & Johnson dola 10 kwa dozi, zaidi ya bei iliyoripotiwa kwa Ulaya. Raia wa Nairobi, Dodoma na Kampala wanastahili kusoma karatasi za namna hiyo bila kwenda mahakamani. Fedha ni zao, na deni watalilipa wao.

Yaliyofuata yanasikitisha. Machi 2022 Aspen ilipata leseni ya kuuza chanjo hiyo kwa jina lake, Aspenovax, na hakuna aliyeagiza.

Mei 20, 2025 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mkataba wa kukabili majanga ya magonjwa. Kampuni zitakazoshiriki zitalipatia shirika hilo fursa ya kupata asilimia 20 ya chanjo zinazotengenezwa wakati wa janga, angalau nusu yake bure na iliyobaki kwa bei nafuu. Masharti yenyewe yameachiwa kiambatisho kuhusu kubadilishana sampuli za vimelea na kugawana manufaa yake, jambo lilelile lililoigomesha Indonesia. Mkataba hautafunguliwa kwa saini kabla kiambatisho hicho hakijapitishwa.