Mzazi, Kabla Ufoke Juu ya Nguo za Mtoto, Soma Kisa cha Suruali ya Kendu Bay

Wazazi wa Kisumu, leo naongea na nyinyi. Na nyinyi vijana wenzangu mnaorauka Jumapili kwenda Kibuye kutafuta kamera mtumba ukifunguliwa, msitoroke. Pia mko ndani ya hii stori.

Kila likizo ni vita vilevile. Kijana anaingia nyumbani na rasta, au pua imetobolewa, au suruali pana inafagia vumbi kutoka Kondele hadi mlangoni. Baba anaweka gazeti chini, mama anashika kiuno, halafu inakuja ile sentensi tunayoijua sote: "Enzi zetu hakukuwa na mambo kama haya."

Kwa heshima zote, jaduong', yalikuwepo. Tena hapa hapa kando ya ziwa. Mabishano ya mzazi na kijana kuhusu mavazi yana zaidi ya miaka mia moja, na kitu kilichowahi kuwatoa wazee machozi ni suruali. Suruali ya kawaida kabisa, kama hiyo umevaa ukisoma hii.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali Waingereza walipaita Port Florence, ndiyo Kisumu yetu leo. Wamisionari wakafuata haraka: Waquaker walifungua Kaimosi mwaka 1902, na Waanglikana wakaanza Maseno mwaka 1906. Shule ikaja na kitabu, na kitabu kikaja na nguo ya kitambaa.

Sasa usifikirie kabla ya hapo watu hawakuwa na mitindo. Walikuwa nayo, na ilikuwa na sheria zake. Kulikuwa na ngozi, kulikuwa na shanga. Mwanamke aliyeolewa alivaa chieno, ule mkia wa nyuzi unaoning'inia nyuma, na ukimwona ulijua mara moja ni mke wa mtu. Kijana wa Kijaluo aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, na hiyo ndiyo ilikuwa alama kwamba ni wa hapa na amekua. Mwili mzima ulikuwa kitambulisho. Ulikuwa unasema huyu ni nani, ni wa nani, na yuko hatua gani ya maisha.

Halafu wakatokea jonanga, yaani watu wa nguo. Ndivyo Wajaluo walivyowaita wale waliovaa kitambaa. Wengi wa waliotangulia kwetu walikuwa vijana: wanafunzi wa misheni, na wale waliotoka nyumbani kwenda kutafuta kazi kwa wazungu. Jiweke kwenye viatu vya mzazi wa wakati huo, ingawa hakuwa na viatu. Mtoto wako anarudi amejifunika kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, na zile alama zote ulizokuwa unasoma kwake huzioni tena.

Kuna kijana mmoja tunayejua kisa chake vizuri kwa sababu mjukuu wake alikuja kuwa rais wa Marekani. Anaitwa Onyango, na baadaye alisilimu akawa Hussein Onyango Obama. Alizaliwa upande wa Kendu Bay mwishoni mwa karne ya 19. Mama Sarah, mke wake, ndiye aliyesimulia, na Barack Obama akaiandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1995, Dreams from My Father.

Ilikuwa hivi. Onyango alikuwa mtu wa udadisi mwingi. Siku moja akatoweka nyumbani, akaenda Kisumu kuwaona hawa wazungu ni watu wa aina gani. Alikaa miezi mingi. Aliporudi, amevaa suruali, shati na viatu. Watoto wakaogopa, ndugu wakashangaa. Baba yake akatoka nje, akamwangalia, akamuuliza ana shida gani mpaka avae vitu vya ajabu namna hiyo.

Onyango hakujibu kitu.

Basi mzee akajijibu mwenyewe. Akaamua kwamba lazima suruali inaficha tohara, jambo ambalo kwa mila ya Wajaluo lilikuwa mwiko. Na shati nalo lazima linaficha vidonda. Akawageukia wanawe wengine akawaambia wasimkaribie ndugu yao kwa sababu si safi. Ndugu wakamcheka, wakamtenga. Onyango akarudi Kisumu, na kulingana na Mama Sarah, yeye na baba yake hawakuelewana tena hadi mwisho.

Angalia hapo vizuri. Baba na mtoto walipotezana maisha yao yote kwa sababu ya swali moja lililokosa jibu. Mzee aliuliza, ndiyo, lakini aliuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kushtaki. Kijana naye akanyamaza. Ule ukimya ukajazwa na dhana, na dhana ya mzazi mwenye hofu huwa ni mbaya kila mara. Suruali haikuwa inaficha chochote. Ilikuwa suruali tu.

Lakini nisimwonee yule mzee. Hofu yake ilikuwa na msingi. Wakati huo waliovaa suruali ndio waliokuja kudai kodi ya nyumba na kuchukua vijana kwenda kufanya kazi mbali. Mtoto akivaa kama wao, mzazi anajiuliza: huyu bado ni wangu, ama ameshaenda upande wao?

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1913 huko Alego kulitokea mtu mwingine kabisa, Onyango Dunde, aliyesema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani kisha akatapikwa akiwa na ujumbe. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya Mumbo. Sehemu ya ujumbe ilihusu mwonekano: acheni mambo ya wazungu, vaeni ngozi, acheni nywele zikue bila kukatwa. Ilienea hadi Kisii, na serikali ya kikoloni ikaipiga vita na kuwahamisha viongozi wake mbali. Nywele ndefu tayari zilikuwa kesi ya serikali kabla hata babu yako hajazaliwa!

Sasa hapa ndipo historia inachekesha. Wale jonanga walikua, wakazaa, wakawa wazee wa kanisa na walimu wakuu. Shati lililochomekwa na suruali iliyopigwa pasi vikageuka kuwa ndiyo heshima yenyewe. Onyango mwenyewe alikuja kuwa baba mkali sana, wa kila kitu mahali pake. Yaani kile kitu kilichomfanya aitwe mchafu ndicho baadaye kikawa kipimo cha usafi.

Halafu zikaja sketi fupi, afro, bugaluu na viatu vya raizoni. Wakati huu hata serikali zikajifanya wazazi. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilianza Operesheni Vijana Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Uganda, Idi Amin akapiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Waliovaa hizo nguo ndio shosho na guka wa leo. Omba uonyeshwe albamu ya picha, utaona mambo.

Na hatujaacha. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai amevaa vibaya. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa Kirasta aliyezuiwa shuleni kwa sababu ya nywele zake aruhusiwe kusoma. Na Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa akawakataza wabunge kuingia na suti za Kaunda. Watu wazima wenye mishahara, bado wanaambiwa hiyo nguo hapana.

Kwa hivyo nasemaje? Sisemi mzazi akubali kila kitu. Mwenye nyumba ana sheria zake, shule nayo ina zake. Pesa za karo hazifai kuishia kwa viatu. Na mama akihofia kwamba askari watamsumbua mwanawe kwa sababu ya rasta, hiyo si hofu ya kijinga. Anajua mji anaoishi.

Ninachosema ni kwamba nguo huwa si kesi yenyewe. Kesi ni lile swali la Kendu Bay: wewe bado ni wetu? Mzazi, basi liulize hilo moja kwa moja. Muite kando, mbali na wadogo zake na majirani, umuulize amependa nini kwa hiyo nguo, na umpe nafasi amalize kuongea. Usianze na tohara na vidonda.

Na wewe kijana, fungua mdomo. Usiingie chumbani na kubamiza mlango. Kama ni mtindo tu, sema ni mtindo. Kama ni imani, sema. Kama wenzako wanakushinikiza, hapo ndipo unahitaji kuongea kuliko wote. Baba yako akikosa jibu kutoka kwako atajitungia lake, na hutalipenda.

Suruali ya Onyango ilichakaa zamani sana. Kile hakikurudi ni ile miaka ambayo baba na mwanawe wangeweza kukaa pamoja wakala samaki. Likizo hii, mtoto akiingia na jambo lake jipya, mkaribishe kwanza apate ugali. Mtaongea mkishashiba.